Kusikia na Kutii

Katika lugha yetu neno kusikia lina kazi mbili. Mtoto mkaidi huambiwa hasikii, japokuwa masikio yake ni mazima. Na askari husifiwa kwa kusikia amri mara moja, bila ya kurudiwa. Kwa hiyo hali ya askari aliyepata uziwi kazini ni ya ajabu na ya kusikitisha: alisikia kwa maana ya pili hata akapokonywa ya kwanza.

Vita vya Kagera vilianza Oktoba, 1978, na Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili, 1979. Jeshi letu lilikuwa na mitambo ya BM-21, kila mmoja una mitutu 40, ambayo Waganda waliiita Saba Saba. Hofu ya waliorushiwa makombora hayo imesimuliwa sana. Habari za masikio ya waliosimama kando ya mitambo hazikusimuliwa. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti, navyo vikifa kwa kishindo havioti tena. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea: s, f, sh, na sauti za watoto.

Kijana wa miaka 20 wa siku zile sasa amepita 65. Tumfikirie amekaa barazani, Temeke au Kinondoni. Mtoto wa jirani hupita akamwamkia, "Shikamoo, babu." Marahaba haiji. Mtoto hujiendea, na mama yake husema mzee yule ana majivuno. Ndani, mke amechoka kurudia maneno. Usiku, watu wote walalapo, masikio ya mzee huendelea kuvuma; hata kimya hakukipata.

Mguu uliokatika hupewa heshima kwa kuwa huonekana. Yamkini mtu atasema: askari alilipwa mshahara. Ni kweli, walakini hoja hiyo yahusu deni la serikali, nami nauliza deni la jirani. Tarehe 29 Aprili, 2009, ghala la silaha la jeshi liliporipuka Mbagala, na tarehe 16 Februari, 2011, Gongo la Mboto, raia walionja kwa saa chache vishindo ambavyo wengine walivipokea kwa miezi. Sidhani kuwa tulitoka pale na subira zaidi kwa wazee wasiosikia. Tuliwaza paa zetu na wafu wetu, na haki tulikuwa nayo.

Deni lenyewe si kubwa. Kumpigia mzee makelele humwaibisha, na hakumsaidii sana. Mtoto aweza kufundishwa kusogea mpaka mbele ya kiti, auonyeshe uso wake, kisha aamkie polepole. Shikamoo, kwa asili yake, ni kushika miguu. Haikuwa salamu ya kurushwa kutoka njiani. Mzee atajibu marahaba, pengine kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana hajisikii.