Je, Farha Alikosea?

Las Vegas, 2003. Kati ya wachezaji 839 wa mashindano makuu ya poka wamebaki wawili. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, anaweka chipu zote ilhali hana hata jozi. Sam Farha ana jozi ya tisa, lakini shupaza tatu zilizolala mezani zinamtisha. Anawaza, kisha anatupa karata.

Mwishowe Moneymaker aliondoka na dola milioni 2.5, naye Farha milioni 1.3.

Je, alikosea? Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walihoji desturi ya kumsifu au kumlaumu mtu kwa yaliyoamuliwa na bahati. Farha alipima uwezekano tu. Watazamaji wa televisheni ndio walioonyeshwa karata zote.