Huzuni ya Kuazima

Mwezi uliopita tulimzika shemeji yangu, mke wa rafiki yangu, pale Nyamilangano. Jioni ya kuanua matanga, rafiki akaniomba nipige gitaa. Nikapiga Lágrima ya Francisco Tárrega, yule Mhispania aliyefariki mwaka 1909. Jina hilo maana yake ni chozi, na kweli watu walilia. Baadaye akanisogelea: "Kaka, pale uliponyamaza kidogo, ulikuwa unamkumbuka, eti?"

Nikamjibu ndiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu. Moja, mbili, shuka.

Ule ukimya si wangu. Ni wa mwalimu mmoja wa YouTube ambaye hanijui. Lágrima ni fupi mno: kipande cha kwanza chenye sauti angavu, cha pili cha huzuni, kisha unarudi cha kwanza, basi. Noti zenyewe nilizimudu ndani ya wiki tatu. Kazi ilikuwa kuzifanya ziseme kitu. Nilipunguza kasi ya video hadi nusu (bando liliisha mara ngapi, sisemi) nikaona anachofanya: anachelewesha noti ya juu kabisa, halafu anazikimbiza zinazofuata kidogo kufidia. Waitaliano wanaita rubato, yaani muda ulioibwa. Nikaona pia kwamba ukichuna nyuzi karibu na daraja la gitaa sauti inakuwa kali kama bati, na ukisogea kwenye tundu inalainika. Nikafuga hadi kucha za mkono wa kulia, na huku kwetu kwenye mashamba ya tumbaku mwanaume mwenye kucha ndefu anaulizwa maswali. Nikaiga kila kitu.

Sasa, je, nilimdanganya rafiki yangu? Siongelei lile jibu langu, hilo lilikuwa uongo mtupu. Naongelea upigaji wenyewe.

Denis Diderot, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 18, aliandika kwamba mwigizaji bora ni yule asiyehisi chochote jukwaani. Anayetokwa na machozi ya kweli leo ni mzuri, kesho ni mbovu. Nimejaribu kujificha humo nikashindwa. Aliyelipa kiingilio anajua anatazama maigizo. Waliokaa kwenye mikeka pale msibani hawakukata tiketi.

Lakini pia nani alizaliwa anajua kulia msibani? Mtoto anawatazama shangazi zake: lini sauti ipande, lini ukae kimya, lini ukatie kuni. Anaiga kwanza, uchungu unakuja kujaza baadaye, pengine miaka kumi mbele akifiwa na wake. Hatumwiti tapeli. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye anaiga akiwa ndani ya nyumba ya msiba, na shangazi anamwona, anaweza kumfinya. Mwalimu wa kwenye simu hanifinyi. Nikikosea anatabasamu vilevile.

Namfikiria John Low, Mwingereza mpiga gitaa, aliyefunga safari hadi Shaba kumtafuta Mwenda Jean Bosco, yule wa Masanga iliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Angeweza kubaki na santuri, maana noti zote zimo. Ila Mwenda mwenyewe hakuwa anarudia wimbo vilevile. Alikuwa anatunga palepale akipiga. Anayeiga santuri anapata siku moja tu ya Mwenda. Na mimi nina siku moja tu ya mwalimu wangu, siku ambayo pengine alikuwa anawaza kodi ya nyumba.

Kuna kitu kimoja kinanisumbua zaidi. Kwenye kile kipande cha pili nilikosea. Kidole kiliteleza, noti ikafa, nikaduwaa sekunde nzima ambayo haimo kwenye video. Katika sekunde hiyo ndipo nilimwona shemeji akinimiminia uji, akinicheka kucha zangu. Nikaendelea vibaya vibaya mpaka mwisho. Rafiki yangu hakuuliza lolote kuhusu pale. Aliupenda ule ukimya wa kuazima.

Ameniomba nipige tena siku ya arobaini, ileile, "na uweke na ule ukimya." Imebaki wiki moja. Sijamwambia kitu bado, na jana kucha ya kidole cha pete imekatika.