Mashine Iliyogawa kwa 26

Serikali ikitangaza kuwa iko tayari kwa akili mnemba, aghalabu huonyesha kompyuta, kasi ya intaneti na idadi ya watumishi waliopelekwa kozi. Australia ilikuwa na hayo yote, tena tele. Kilichoiponza ni hesabu ya kugawanya.

Mwaka 2016 idara inayolipa ruzuku za wanafunzi na wasio na kazi ilianza kutumia kwa wingi mfumo ambao umma uliubatiza Robodebt. Akili mnemba haswa haikuwamo. Ilikuwa programu ya kulinganisha tarakimu tu. Ruzuku hukokotolewa kila wiki mbili, kufuatana na kipato cha wiki hizo. Mamlaka ya kodi nayo ina kipato cha mwaka. Programu ikachukua hicho cha mwaka, ikakigawa kwa 26, ikashikilia kwamba ndicho mtu alichopata kila wiki mbili.

Chukua kijana aliyekaa nusu mwaka bila kazi, akipokea ruzuku kihalali, kisha akaajiriwa na kuingiza dola 26,000. Kwa programu hiyo, alipata dola 1,000 kila wiki mbili tangu mwaka wa kodi ulipoanza. Kumbe basi zile wiki za ukata alikuwa akiidanganya serikali, na anadaiwa.

Zamani tofauti kama hiyo, kati ya tarakimu za kodi na za ruzuku, ilipita mikononi mwa karani, ambaye aliweza kumwandikia mwajiri kabla ya kumdai mtu. Mfumo mpya ulimweka karani kando. Sasa mdaiwa ndiye aliyetakiwa kusaka slipu za mshahara za miaka iliyopita, pengine kwa mwajiri aliyekwisha kufunga biashara. Akishindwa, deni linabaki na wakusanya madeni wanapiga simu. Ubaya ulikuwa hapo hasa, kwamba mzigo wa ushahidi ulihamishwa bila Bunge kuulizwa. Wapo waliojiua, na mama za baadhi yao walikwenda kutoa ushahidi mbele ya tume ya uchunguzi.

Wala si kwamba hakuna aliyeonya. Mwaka 2014 wanasheria wa ndani ya serikali walisema utaratibu huo hauwezekani bila kubadili sheria. Ushauri ukalala kwenye faili. Mwaka 2019 serikali ikasalimu amri mahakamani, na 2020 ikatangaza kurudisha dola milioni 721 kwa madeni 470,000. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Catherine Holmes ilitoka Julai 2023.

Jambo hili haliko mbali nasi. Tangu Oktoba 2024, Mkenya asiye na ajira rasmi huchangia bima ya afya asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa kwa maswali kuhusu makazi na hali ya kaya yake. Sasa fikiria mama muuza mboga aliyerithi nyumba ya mawe, ambayo kwa maswali hayo yaweza kumwonyesha ana kipato, ilhali genge lake halijauza wiki nzima. Afisa akinieleza utayari wa serikali kwa akili mnemba, mimi nitamuuliza ni karani gani atakayempokea mama huyo dirishani, na kama karani huyo ana ruhusa ya kuifuta namba iliyotolewa na mashine.