Lawama ni ya Mwili au ya Mwenye Mwili?

Mtaani kwetu kaka akitumia unga, marafiki wamemponza. Dada akitumia, kajivunjia heshima. Lakini uraibu hauingii kila mwili kwa mlango mmoja. Kwa panya jike, estrojeni huongeza dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu ya kurudia kilicholeta raha. Projesteroni huelekea kuipoza hamu hiyo. Kwa wanawake pia, nguvu ya kokeini huweza kubadilika na siku za mwezi.

Je, tumwondolee dada lawama? Ile ya heshima, ndiyo. Hiari yake tusiiguse. Wanawake wamenyamazishwa vya kutosha kwa kuambiwa "ni homoni tu", na asiye na hiari atapona kwa nguvu ipi?

Heroini mara nyingi huvuruga hedhi, hata kuisimamisha. Mwanamke akianza methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu 2011, hedhi huweza kurudi na mimba ikaingia bila kutarajiwa. Anayemweleza hayo mapema hamtetei wala hamhukumu. Anamrudishia mwili wake, aamue mwenyewe.