Fomu Ilipouliza Nina Watoto Wangapi

Wengi wenu mnanikumbuka kama yule ndugu wa gitaa la besi kwenye timu ya sifa, aliyehamia Kanada na familia yake. Niliombwa niandike ushuhuda wa jinsi Mungu alivyotufungulia mlango tukawa wakazi wa kudumu huku Edmonton. Nimeuanza mara tatu, na kila mara unatoka ushuhuda mtamu ambao si wa kweli. Mlango Mungu alifungua, sibishani. Lakini nilivyoupitia, hiyo ni hadithi nyingine. Mke wangu amesoma haya kabla yenu, akasema niyatume.

Mwaka wa 2018 tuliomba kupitia ule mpango wa pointi. Unahesabiwa umri, masomo, kazi na lugha. Digrii yangu ikapelekwa ikapimwe kama ni digrii. Nikalipa kufanya mtihani wa Kiingereza, mimi niliyevishwa kibao shingoni shule ya msingi kwa kuongea lugha ya mama. Basi, tukaitwa. Ukishaitwa unapewa siku 60 kupeleka kila kitu: cheti cha tabia njema, vipimo vya afya, barua za kazi, taarifa za benki. Kanisa lilifunga na kuomba pamoja nasi. Sijasahau.

Ndipo ikaja fomu ya familia. Inataka watoto wako wote. Wa kuzaa, wa kulea, wa mwenzako, anayeishi nawe na asiyeishi nawe. Hata asiyesafiri lazima aandikwe, na lazima apimwe afya kama wale wanaosafiri. Hata pesa unazoonyesha benki zinahesabiwa kwa idadi ya familia nzima, yeye akiwemo.

Nilikuwa na watoto wawili ambao kanisa linawajua. Na nilikuwa na msichana wa miaka tisa, Nakuru, ambaye kanisa halikumjua. Mke wangu pia hakumjua.

Alizaliwa kabla sijaokoka, na kabla sijaoa. Nilikuwa nikimtumia mama yake pesa kwa M-Pesa, kisha nafuta meseji. Nilijiambia kwamba mambo ya kabla ya wokovu yalikwisha siku ile nilipopiga magoti. Dhambi ilifutwa, naamini hivyo hata leo. Lakini mtoto hafutwi. Alikuwa darasa la tatu, ana ada ya shule na malaria kama watoto wengine.

Nilimweleza ndugu mmoja ninayemheshimu. Akaniambia, "Hiyo ni karatasi tu, ndugu yangu. Mungu anaangalia moyo. Ukishafika utajipanga." Na kusema ukweli nilifurahia ushauri huo. Usiku nikaingia kwenye intaneti, si kutafuta mapenzi ya Mungu, bali kutafuta kama watanishika. Nilisoma sheria kabla ya kusoma Biblia. Nikakuta mambo mawili. La kwanza, ukidanganya na ukagunduliwa, unaweza kufungiwa miaka mitano, na hata ukazi ulioupata unaweza kunyang'anywa. La pili ndilo lililonikalisha chini. Mtoto usiyemtaja wakati wa kuomba, akakosa kupimwa, huwezi baadaye kumdhamini kama mtu wa familia yako. Nafuu kidogo ilikuja 2019 kwa baadhi ya watu, lakini wakati ule haikuwepo. Yaani ningeacha kisanduku kimoja wazi, na mlango wa binti yangu ungefungwa, na mimi ndiye ningekuwa nimeufunga.

Tangu siku hiyo nimemsoma Abrahamu kwa jicho lingine. Tunamhubiri kama baba wa imani, na ni sawa. Lakini katika Mwanzo 12 yeye ni mhamiaji anayekimbia njaa, na kwenye mpaka wa Misri anajua ataulizwa: huyu mwanamke ni nani wako? Anapanga jibu njiani. Dada yangu. Tena halikuwa uongo mtupu, kwa maana sura ya 20 inaonyesha kwamba walichangia baba. Ni ukweli uliokatwa mahali panapomfaa msemaji. Na nani alilipa? Si Abrahamu. Yeye alipata kondoo na ngamia. Sara ndiye aliyepelekwa nyumba ya Farao.

Hapo ndipo nilipojiona. Mimi ningepata Edmonton. Msichana wa Nakuru ndiye angelipa.

Najua swali linalokuja, kwa sababu nililiuliza mimi mwenyewe nikitafuta pa kupenyeza. Wakunga Waebrania je, katika Kutoka 1? Rahabu je, aliyewaficha wapelelezi? Hao hawakumwambia mwenye mamlaka ukweli, na Maandiko hayawalaani. Nimelifikiria hili sana, na nikiwa huku nimekaa meza moja na watu waliokimbia vita, ambao ukweli ungewaua. Siwezi kuwahukumu. Ila naona tofauti. Wakunga walijiweka hatarini wao ili watoto wa wengine waishi. Abrahamu alimweka mwingine hatarini ili yeye aishi. Kwa hiyo nikiambiwa karatasi fulani idanganywe kidogo, siku hizi nauliza kwanza ni nani atabeba gharama. Kipimo hiki nacho si salama, maana mtu husema kwa urahisi "nafanya kwa ajili ya watoto." Nami nilisema hivyo. Nilikuwa na maana ya watoto wawili.

Zilibaki siku 41. Nilimwambia mke wangu usiku, watoto wakiwa wamelala, na fomu ikiwa wazi kwenye kompyuta kana kwamba yenyewe ndiyo ingesema. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Anaitwa nani?" Nikamtajia. Akaenda kulala na watoto. Siku sita tuliongea mambo ya maji na chakula tu. Siku ya saba akasema, "Mwandike." Halafu akasema kitu ambacho bado ninacho hapa kifuani: kwamba miaka saba ya ndoa hakupata kuuambiwa ukweli huu, serikali ya Kanada imeupata kwa siku chache.

Sasa hili ndilo swali langu, wapendwa, na sina jibu safi. Ukweli unaotoka kwa sababu umebanwa, je, ni toba? Daudi naye hakusema mpaka Nathani alipomjia. Lakini Nathani alikuwa mtu, tena nabii, na wangu alikuwa kisanduku kwenye fomu. Kama fomu isingeuliza, ningesema? Ninajijua. Nisingesema.

Nilimwendea pasta na swali hili kabla hatujasafiri, nikidhani atanituliza. Alikaa kimya, kisha akanikumbusha kwamba mtoto hakuhitaji nia yangu iwe safi. Alihitaji jina lake liandikwe. Nia ningeweza kuendelea kuishughulikia na Mungu, hata kwa miaka. Jina lilikuwa na tarehe ya mwisho.

Na mniruhusu niseme jambo moja kuhusu sisi wenyewe. Miaka yote niliyopiga besi madhabahuni, niliulizwa kama nimeokoka, kama nimebatizwa, kama natoa fungu la kumi. Hakuna aliyeniuliza, "Una watoto wangapi, na wako wapi?" Sijui kama ningejibu. Lakini ningelazimika angalau kudanganya mtu usoni, na hilo ni gumu kuliko kukaa kimya.

Mama ya mtoto alimleta Nairobi kwa daktari aliyeidhinishwa. Nilisimama nao kwenye foleni, mtu mzima nisiyejua niweke wapi mikono. Msichana alinisalimia "shikamoo" kama anavyosalimiwa mgeni. Tukaandika: mtoto, hasafiri. Ikabidi tukope ili pesa za benki zitoshe watu watano.

Tumekaa huku miaka kadhaa sasa, na hivi karibuni tumeanza makaratasi ya kumdhamini. Mama yake amekubali kutia sahihi, baada ya mazungumzo marefu ambayo si yangu kuyasimulia hapa. Nyumbani kwetu mambo hayajanyooka yote. Kuna maswali ambayo mke wangu bado hajayauliza, nami nayasubiri.

Juzi alikuwa akitafuta viatu vya theluji vya watoto, maana huku ukichelewa saizi nzuri zinaisha. Akageuka akaniuliza binti yangu anavaa namba ngapi. Sikujua. Ikabidi nipige simu Nakuru.