Je, Muuguzi Amekwisha Kusoma?

Mara nyingi katika foleni ya hospitali, hapa Kilosa au kule Mikumi, husikika mtu akinung'unika: "Muuguzi amekwenda kozi tena! Si alikwisha kupata cheti?" Pengine nasi tumesema hivyo. Basi tujiulize: je, mwenye cheti bado anastahili kufundishwa? Na kama anastahili, deni hilo ni la nani?

Sisi tuliofundisha walimu twajua kwamba mwalimu akiacha kujifunza, huanza kufundisha makosa yake. Muuguzi naye ni hivyo hivyo, ila makosa yake hayafutwi ubaoni.

Hata hivyo, kozi peke yake haitoshi. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walifundishwa mwaka 2010, kwa siku moja, namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyevuta pumzi. Somo walilielewa, lakini kazini mambo hayakubadilika. Mwaka 2011 wakaanza kufanya mazoezi mafupi, mara kwa mara, wakitumia mwanasesere, papo hapo hospitalini. Kabla ya hapo, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, kama 11 walifariki katika saa 24 za kwanza. Baadaye walikuwa kama 7.

Tazameni: mazoezi hayo hayakuhitaji nauli wala posho ya safari. Yalihitaji muda ndani ya zamu, na mtu wa kuyasimamia. Hivyo neno "hatuna fedha" si jibu kamili.

Wengine huogopa: "Tukimsomesha, atahamia mjini." Kweli, wengine huhama. Lakini je, ni haki hofu yetu ilipwe na mtoto anayezaliwa usiku huu? Elimu ya muuguzi si zawadi kwake. Ni haki ya mgonjwa, na mdaiwa ni hospitali pamoja na sisi tunaotibiwa humo.

Hata Apolo, hodari wa Maandiko, alikubali kuelezwa zaidi na Prisila na Akila, wala hakuona aibu.

Basi, ndugu zetu mlio katika kamati za afya, msiulize tu wauguzi wangapi wana vyeti. Ulizeni kila juma wanapewa saa ngapi za kujifunza, na nani hushika zamu yao. Nasi tulio kwenye foleni, tungoje kwa uvumilivu, tukiwaombea.