Joho la Shujaa na Dhamiri ya Mvaaji

Mtu atakaye kujivika ushujaa nyumbani mwake pasipo gharama kubwa hahitaji zaidi ya fulana ya buluu, kipande cha kitambaa chekundu cha kufunga mabegani, mkasi, sindano na uzi, na nembo iliyokatwa katika karatasi ngumu ikabandikwa kifuani kwa gundi. Na akikosa hata hivyo, taulo jekundu na pini mbili humtosha. Kazi hii, ambayo vijana huiita kosplei, na ambayo kwa namna yake nyepesi haimlazimishi mtu kuvua suruali yake ya kila siku wala kuficha uso wake, wengi huiona kuwa ni upuuzi usiostahili wino. Mimi naona ndani yake mna swali lililowahangaisha wanafalsafa na wanadini tangu kale: je, yajuzu mtu kuvaa dhahiri ya fadhila ambayo batini yake haina?

Mchezo wenyewe si wa jana. Mwezi wa Julai 1939, wapenzi wa hadithi za sayansi walipokutana New York katika mkutano wao wa kwanza wa dunia, Forrest J Ackerman na rafiki yake Myrtle R. Douglas walifika wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo, ambayo Douglas aliyashona mwenyewe kwa kuifuata filamu ya Things to Come iliyotoka miaka mitatu kabla. Wenzao wote walikuja na suti na tai. Mwaka uliofuata, mkutano ulipohamia Chicago, hawakuwa peke yao tena. Simulizi aghalabu humtaja Ackerman kwanza. Insafu ingemtanguliza aliyeshika sindano.

Shutuma iliyo nzito juu ya mvaaji ni ya unafiki, nayo yataka kujibiwa kwa utulivu. Mnafiki ana sharti moja asiloweza kulikosa, nalo ni kwamba asijulikane. Akijulikana, biashara yake imekwisha. Lakini ni nani atakayemwona msichana wa jirani amefunga taulo shingoni, nembo imempinda kifuani na uzi wa pindo unaning’inia, akadhani kwamba amemwona mwokozi aliyeshuka kutoka nyota ya mbali? Hakuna anayedanganyika, na pasipo mdanganyika uongo hauna mahali pa kusimama. Kwa ajili hiyo nathubutu kusema kwamba vazi hafifu lina uaminifu ambao vazi kamili halina, kwa kuwa laacha wazi umbali uliopo baina ya mvaaji na anayemwiga, na kila aangaliaye aweza kuupima umbali huo kwa macho yake. Riya huanza pale mvaaji anapoacha kutaka sifa ya ushoni wake, akaanza kutaka sifa ya ushujaa wenyewe; na mwenye deraya iliyong’arishwa kila upande yuko karibu zaidi na mtego huo kuliko mwenye taulo.

Wapo pia wachaji wanaochelea kwamba kumwiga kiumbe arukaye angani ni kushindana na kudura ya Mwenyezi Mungu. Sijapata kumwona mtoto aliyevaa joho akadai kudura, na hofu hiyo naiacha hapo. Lenye maana zaidi ni kutazama kinachoigwa. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Kiyahudi wa mji wa Cleveland, walipomtoa Superman kwa wasomaji mwaka 1938, katika kurasa chache za hadithi ya kwanza walimfanya amwokoe mwanamke aliyehukumiwa kufa bila hatia, na amkomeshe mume aliyekuwa akimpiga mkewe. Nguvu za ajabu zilikuwa chombo tu. Muradi ulikuwa kumtetea mnyonge, na kumtetea mnyonge hakumtaki mtu aruke.

Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, aliuogopa uigaji kwa sababu aliiamini nguvu yake: alilolizoea mtu kuliiga tangu utotoni huingia katika mwili, sauti na fikira, likawa tabia, basi walinzi wa mji, kama hawana budi kuiga, waige watu mashujaa na wachaji. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliigeuza hofu hiyo kuwa dawa. Atakaye kuwa mwandishi wa khati nzuri, alifundisha katika kitabu chake Ihya, hana njia ila kuuiga mkono wa bingwa kwa kujilazimisha, mpaka kile kilichokuwa taklifu kiwe hulka. Na atakaye ukarimu, vivyo hivyo, atoe kwa kujikalifu mpaka kutoa kumwie kwepesi. Walakini Ghazali alinena juu ya kutenda, wala hakunena juu ya kuvaa, na tofauti hiyo si ndogo. Wataalamu wa elimu ya nafsi nchini Marekani walichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa watoto wa miaka minne na sita waliopewa kazi ya kuchosha, huku mchezo wa kupendeza umewekwa karibu yao wauendee watakapo. Waliodumu zaidi kazini ni wale waliojifanya shujaa wa hadithi, Batman au mwingine wa namna yake. Nao walikuwa wameelekezwa kujiuliza kama Batman yu katika bidii. Nadhani lile swali lilifanya kazi kubwa kuliko sura.

Hoja hii sijaiona mahali wazi kuliko katika hadithi ya Spider-Man, aliyetolewa na Stan Lee na Steve Ditko mwezi wa Agosti 1962. Peter Parker, yatima aliyelelewa na ami yake Ben na mkewe May, alijibunia na kujitengenezea vazi lake, naye hakulitengeneza kwa wema: alikuwa amekwisha kupata dola 100 katika mieleka, akatamani fedha na umaarufu wa televisheni. Akiwa ndani ya vazi lile lile ambalo watoto wa dunia nzima huliiga leo kwa fulana nyekundu na kalamu ya wino mweusi, alimwona mwizi akikimbizwa mbele yake, akamwacha apite, kwa hoja kwamba hilo halikuwa shughuli yake. Mwizi yule ndiye aliyekuja kumuua Ben. Vazi, basi, halikumfundisha Parker kitu. Lilimtangulia tu, likamngojea. Na Ditko hakumchorea vazi jipya la toba: usiku ule alitoka kumsaka muuaji amevaa lile lililobuniwa kwa tamaa. Ndiyo maana simkatazi mtu joho kwa hoja kwamba bado hajalistahili, kwani lau kustahili kungekuwa sharti la kuvaa, Parker angaliingia katika hadithi yake na kutoka na sweta lake la shule.